KARATASI ICHUKUE KAZI YA NAILONI



Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya maji ya kunywa, vyoo, malaria na chakula cha mtoto. Leo tutazungumza juu ya kitu chepesi sana. Upepo kidogo tu unakipeperusha. Kitu hicho ni nailoni. Wengine huiita rambo. Wengine husema plastiki, au mfuko laini. Tunazungumza juu ya ule utando mwembamba unaofungiwa karanga, ubuyu, chumvi na sukari ya kupima.

Mtu anaweza kuuliza: "Mambo ya mifuko yanaihusu nini zahanati?" Yanaihusu sana, na tutaona sababu. Kisha tutajifunza kutumia karatasi mahali pa nailoni. Tutapika gundi, tutakunja mfuko, tutatengeneza karatasi ya nta na viriba vya miche. Soma polepole. Kama mko katika darasa la kisomo, anayesoma vizuri awasomee wenzake kwa sauti.

NAILONI INAVYOLETA WAGONJWA

Tuanze jikoni. Asubuhi kuni ni mbichi. Mama ana haraka, watoto wanataka uji kabla ya kwenda shule. Anachukua kipande cha nailoni, anakiwasha, anakiweka chini ya kuni. Moto unashika upesi. Ni kweli kwamba nailoni inawaka vizuri, kwa sababu imetengenezwa kutokana na mafuta au gesi ya ardhini. Lakini tazama mambo mawili.

La kwanza ni moshi wake. Moshi wa nailoni ni mweusi, una masizi, na unakaba koo. Aina nyingine za plastiki zina kemikali iitwayo klorini. Hizo zikiungua hutoa sumu iitwayo dioksini. Mama jikoni hawezi kujua kipande alichookota ni cha aina gani. Na jikoni kuna nani? Kuna mama mwenyewe, kuna mtoto mgongoni, na mara nyingi kuna mama mjamzito. Moshi wa kuni peke yake unatosha kuwaletea watoto kikohozi na kichomi. Hakuna haja ya kuuongezea.

La pili ni matone. Nailoni ikiungua inayeyuka na kudondoka. Tone lake linawaka moto huku likianguka, na likifika kwenye ngozi linanata. Maji ya moto yakikumwagikia hutiririka na kuondoka. Tone la nailoni haliondoki. Linakaa pale pale likiendelea kuchoma.

Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka 4 aliyeletwa na bibi yake. Watoto walikuwa wakicheza. Walifunga nailoni kwenye kijiti, wakaiwasha, wakafurahia mlio wa matone yakianguka. Tone moja likaanguka juu ya mguu wake. Nyumbani walijaribu kulibandua, likatoka pamoja na ngozi. Kisha wakapaka dawa ya meno. Mtoto yule alifungwa kidonda muda mrefu. Kama angemwagiwa maji tu na kuletwa upesi, kidonda kingekuwa kidogo.

Kwa hiyo shikeni maneno haya. Mtu akichomwa na nailoni, mwagia mahali pale maji safi ya baridi ya kawaida, yatiririke kwa dakika 20. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri. Kama huna saa, endelea mpaka aliyeketi karibu nawe aseme mmechoka, kisha endelea tena. Usitumie barafu. Nailoni iliyonata usiibandue, iache, sisi tutaitoa. Vua bangili na nguo zilizo karibu na jeraha, isipokuwa nguo iliyoshikana na ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga, yai wala kinyesi cha ng'ombe. Funika kwa kitambaa safi, uje zahanati. Usisubiri kesho kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au liko usoni, mikononi, kwenye kiungo au sehemu za siri. Njoo na kadi ya kliniki ya mtoto ili tuone kama amepata chanjo ya pepopunda.

Hayo ni ya moto. Mengine nitayataja kwa ufupi. Mtoto mdogo akijivika mfuko wa nailoni kichwani anaweza kukosa hewa na kufa bila hata kulia. Nailoni iliyotupwa uani hushika maji ya mvua, na mbu hutaga humo. Mbu wanaoeneza homa ya dengue hupenda maji kidogo kama hayo, na huuma mchana. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Na wafugaji wanajua habari ya ng'ombe au mbuzi anayekonda, haugui homa, lakini hali tena. Akichinjwa, tumboni unakutwa mpira wa mifuko. Mnyama hawezi kuisaga nailoni wala kuitoa. Hiyo ni hasara ya maziwa ya watoto.

SERIKALI IMEKWISHA SEMA

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia ni kosa. Rwanda walitangulia mwaka 2008. Kenya wakafuata tarehe 28 Agosti 2017. Sisi wenyewe tulikwisha kuondoa pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017, na wengi wetu tunakumbuka jinsi njia zetu zilivyokuwa zimejaa vifuko vile.

Lakini sheria inaruhusu plastiki ya kufungashia baadhi ya vitu, kama vile dawa, vyakula vya viwandani na pembejeo za kilimo. Hiyo ni sawa. Mimi siye mtu wa kusema plastiki yote ni adui. Bomba la sindano ni plastiki. Mfuko wa damu ni plastiki. Mrija wa dripu ni plastiki. Huko plastiki inaokoa maisha. Tatizo ni kifuko kinachotumika dakika 5 kubeba karanga, kisha kinakaa shambani miaka na miaka. Kifuko hicho hakiozi. Jua linakikausha, kinakatika vipande vidogo, na vipande vinabaki katika udongo na maji.

Kuna jambo moja zaidi, na hapa wengi wanadanganyika. Ile mifuko ya rangi rangi iliyokuja baada ya mwaka 2019, inayofanana na kitambaa, mingi yake si kitambaa. Ni plastiki iliyoshindiliwa ikafanana na nguo. Itumie mara nyingi, ifue, ishone ikichanika. Usiifukie ukidhani itaoza kama pamba.

KARATASI NI NINI?

Chana kipande cha karatasi, halafu tazama ukingo uliochanika. Utaona vinywele vidogo vyeupe. Vinywele hivyo ni nyuzi za mti. Kiwandani miti hukatwa vipande, huchemshwa pamoja na dawa mpaka inakuwa kama uji, kisha uji huo hutandazwa, hukamuliwa na kukaushwa. Hapa kwetu kazi hiyo inafanyika Mgololo, katika Wilaya ya Mufindi. Kiwanda kile kilianza kazi katika miaka ya 1980, na miti yake ni misindano iliyopandwa Sao Hill. Kile kinachoufanya uzi wa mti uwe imara kinaitwa selulosi. Pamba ni selulosi. Katani na mabua ya mahindi vina selulosi pia.

Vijidudu vya udongoni vinajua kula selulosi, kwa sababu majani na miti vimekuwa vikianguka chini tangu zamani za zamani. Mchwa nao wanaijua, kama kila mwenye daftari ndani ya nyumba ya udongo anavyoshuhudia. Ndiyo sababu karatasi inaoza. Nailoni hawaijui. Plastiki hiyo, ambayo jina lake hasa ni polithini, iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Mfuko wake wenye mikono ulibuniwa Sweden katika miaka ya 1960. Kwa vijidudu vya udongo hicho ni chakula kigeni kabisa.

Je, karatasi inaweza kuwa utando unaong'aa kama nailoni? Inaweza. Jambo hilo si jipya. Alikuwako Mswisi mmoja, jina lake Jacques Brandenberger, aliyefanya kazi ya viwanda vya nguo Ufaransa. Inasimuliwa kwamba alimwona mtu akimwaga divai juu ya kitambaa cha meza, akawaza: je, siwezi kutengeneza kitambaa kisichonywa maji? Akakipaka kitambaa uji wa selulosi. Kitambaa kikawa kigumu, hakikufaa kitu. Lakini ule uji uliokauka ulibanduka kama ngozi nyembamba, na mtu aliweza kuona upande wa pili. Mwaka 1908 akapata njia ya kutengeneza ngozi hiyo peke yake. Hiyo ndiyo selofeni, ile karatasi inayolia ukiikunja, iliyofungiwa pipi na biskuti duniani kote kabla ya plastiki kuiondoa sokoni kwa urahisi wa bei yake. Selofeni tupu, isiyopakwa kitu, huoza.

Lakini mimi ni mtu wa zahanati, na lazima niseme upande wa pili. Ili kuyeyusha selulosi, viwanda vya selofeni vilitumia dawa iitwayo kaboni disulfidi. Mvuke wake ni sumu. Wafanyakazi walioivuta miaka mingi waliharibika mishipa ya fahamu, na wengine walirukwa na akili. Kwa hiyo ukisikia kitu kinaoza vizuri, uliza pia kimetengenezwaje na nani aliyevuta mvuke wake. Siku hizi wataalamu wanatafuta njia nyingine. Mwaka 2025 watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyoyeyusha selulosi katika maji ya chumvi iitwayo lithiamu bromidi, wakapata karatasi nene inayopenya mwanga, inayoweza kutengenezwa kikombe, na inayoliwa na vijidudu hata chini kabisa ya bahari.

Mzee mmoja wa kisomo aliposikia habari hiyo alisema, "Basi mwanangu, tuletee hiyo chumvi tujaribu." La, mzee wangu. Kazi hiyo ni ya maabara. Sisi tutatumia moto wa jikoni, unga na nta.

GUNDI NA MFUKO

Kwanza tafuta karatasi safi. Nzuri kuliko zote ni karatasi ya kaki, ile ya rangi ya udongo, isiyo na maandishi. Ni ngumu na haichaniki ovyo.

Sasa pika gundi. Chukua vijiko 3 vya chakula vya unga wa muhogo au wa ngano. Ukoroge kwanza kwa maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe. Ongeza maji yafike kikombe 1. Weka kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha, mpaka uzito wake uwe kama uji wa mgonjwa na uanze kung'aa. Acha upoe. Tia chumvi kidogo ili usiote ukungu upesi. Gundi hii itumike siku ile ile au siku inayofuata. Ikinuka, imwage. Mende na panya wanaipenda sana, basi mifuko iliyokwisha tengenezwa iwekwe ndani ya debe lenye kifuniko.

Pima karatasi yenye urefu wa sentimita 36 na upana wa sentimita 26. Ilaze mezani, ule upande mrefu ukiwa karibu na tumbo lako. Leta ukingo wa kushoto na wa kulia vikutane katikati, kimoja kipande juu ya kingine kwa sentimita 2. Paka gundi hapo, bonyeza, subiri ikauke. Sasa una bomba lililolazwa, lenye upana wa sentimita 17.

Kunja ncha ya chini kwenda juu sentimita 7, na pitisha ukucha kwenye mkunjo. Kisha shika ile sehemu uliyoikunja, ifungue mdomo wake na uulaze bapa. Utaona kulia na kushoto kunatokea pembetatu. Kunja mdomo wa juu ushuke, uvuke katikati kidogo. Paka gundi. Kunja mdomo wa chini upande juu yake. Bonyeza. Hiyo ndiyo sakafu ya mfuko. Ukikauka, ingiza mkono ndani, usimamishe. Mfuko wa kwanza utakuwa umepinda. Wa tano utasimama vizuri. Ukubwa huu unatosha nusu kilo ya sukari.

Mwenye duka asikubali karatasi yoyote tu. Karatasi ya mfuko wa saruji usifungie chakula hata ukiikung'uta mara mia, kwa maana vumbi la saruji huchoma ngozi na tumbo. Wala usifungie chakula katika gazeti. Nasema hivi nikiwa naandika ndani ya gazeti. Andazi la moto lenye mafuta likigusa maandishi, wino unahamia kwenye andazi. Unaweza kuuona kwa macho, na mtoto anaula. Kwa hiyo usifungie chapati hata katika ukurasa huu. Usome, umpe jirani asome, kisha uutumie kwa kazi nitakayoitaja baadaye.

KARANGA ZA BIBI

Bibi mmoja anauza karanga kando ya barabara. Nilimwamkia, nikamwonyesha mfuko wa kaki. Aliugeuza geuza.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Mfuko ni mzuri. Lakini karanga zangu zikikaa humo zinalainika. Mteja anataka karanga inayolia mdomoni."

"Zinalainika baada ya muda gani, bibi?"

"Jioni ni nzuri. Kesho asubuhi zimekuwa kama mpira."

Bibi alisema kweli, na sikutaka kumbishia. Karatasi inapumua. Inapitisha unyevu wa hewa, nailoni haipitishi. Kwa hiyo karanga za kukaanga zikae kwenye kopo lenye kifuniko, na mfuko ufungwe mteja anapofika. Bibi sasa anafanya hivyo, na anapima kwa kikombe kile kile.

Lakini kwa karanga mbichi huko kupumua ni faida. Karanga au mahindi yasiyokauka vizuri yakifungwa ndani ya nailoni hutoa jasho, jasho linaleta ukungu, na ukungu fulani hutoa sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na wengine walikufa. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo anika mazao mpaka yakauke kabisa kabla ya kuyafunga popote, iwe karatasi au nailoni.

KARATASI YA NTA

Karatasi kavu ikiloa inakatika. Hapo ndipo nta ya nyuki inapotusaidia. Warina asali wengi wanakamua asali na kuyatupa masega. Msiyatupe. Oshani masega, yachemsheni katika maji, chujeni kwa kitambaa yangali ya moto, na acheni yapoe usiku kucha. Asubuhi nta itakuwa imeganda juu ya maji kama kifuniko cha njano. Mikoa ya Tabora, Singida na Kigoma inajua kazi hii tangu zamani, kwa kuwa nta imekuwa bidhaa ya kuuza nje.

Nta isiwekwe moja kwa moja juu ya moto, inaweza kulipuka. Weka nta katika kopo, na kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka. Itayeyuka kabla maji hayajachemka sana. Watoto wawe mbali. Tandaza karatasi ya kaki juu ya ubao. Chovya kitambaa safi kilichofungwa kwenye kijiti, upake nta nyembamba upande mmoja. Mahali pengine itakuwa nene, pengine hakuna kitu. Usijali. Funika kwa karatasi nyingine ya kaki, upitishe juu yake pasi ya mkaa yenye joto kidogo. Nta itaenea, na karatasi zote mbili zitapata. Zibandue zingali na joto, uzitundike zipoe. Ukiangalia juani utaona karatasi imeanza kupenya mwanga, kama ile ya yule Mswisi, ingawa yetu ina madoadoa.

Karatasi hiyo inafungia mkate, mihogo iliyochemshwa na kupoa, jibini, na vitumbua vilivyopoa. Ikichafuka ifute kwa maji baridi, itumike tena. Usifungie chakula cha moto, nta itayeyuka na kuingia katika chakula. Na usitumie mshumaa wa dukani badala ya nta ya nyuki. Mshumaa ule mara nyingi ni mali ya petroli, si kitu cha kugusa chakula.

Nyama mbichi na samaki wabichi je? Hapa karatasi haiwezi, hata yenye nta. Damu hupenya, na huwezi kuiosha kwa maji ya moto. Nenda buchani na bakuli lako lenye kifuniko. Kama umesahau bakuli, jani la mgomba lililobabuliwa motoni lilifanya kazi hiyo kwa wazee wetu, na bado linafanya.

Matumizi ninayoyapenda mimi kuliko yote ni bahasha ya kadi ya kliniki. Akina mama huja na kadi zimefungwa ndani ya nailoni, kwa sababu wanaogopa mvua. Wana haki kuogopa. Kadi ikiloa, tarehe za chanjo zinafutika na hatujui mtoto amepata nini. Kunja bahasha kwa karatasi ya nta, upande wenye nta ukiwa nje, iwe na kifuniko kirefu. Mvua ya njiani haitaidhuru kadi. Ikichakaa unaitupa shimoni, inaoza.

Kabla sijasahau: si kila karatasi inayong'aa ina nta. Maboksi ya maziwa na vikombe vingi vya karatasi vimepakwa plastiki ndani. Jaribu hivi. Chana kipande, ukiloweke katika maji usiku mmoja, kisha ukisugue kwa vidole. Karatasi itatoka kama uji. Kama kunabaki ngozi nyembamba inayovutika, hiyo ni plastiki. Usiiweke katika shimo la mboji.

VIRIBA VYA GAZETI

Sasa ile kazi ya gazeti. Viriba vyeusi vya miche ni nailoni, na kila msimu vinabaki shambani vimechanwa. Kwa miche ya nyanya, mboga na mapapai tunaweza kutumia gazeti lililokwisha somwa.

Kata ukanda wa gazeti wenye upana wa sentimita 15. Uzungushe kwenye chupa mara 3, ukiacha sentimita 5 zining'inie chini ya kitako cha chupa. Kunja hizo sentimita 5 ziingie ndani kuwa sakafu, gonga chupa chini ili zishikane, kisha chomoa chupa. Hakuna haja ya gundi. Jaza udongo uliochanganywa na mbolea ya samadi iliyooza. Vipange viriba vikiwa vimebanana ndani ya kitalu au boksi, visianguke. Mwagilia taratibu, maji yasimwagwe kutoka juu kwa nguvu.

Viriba hivi vinadumu mwezi mmoja hivi, na hiyo inatosha mboga. Havifai miti inayokaa kitaluni miezi mingi, kama mwembe. Kwa hiyo tumia makuti ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba zake. Siku ya kupanda usitoe kiriba. Panda pamoja nacho, mizizi itapita. Ila hakikisha ukingo wote wa karatasi umefukiwa. Ukiacha ukingo nje, utanyonya maji kutoka kwenye mizizi kama utambi wa koroboi na kuyapoteza hewani, na mche utakauka huku wewe ukidhani unaumwagilia.

Gazeti linalobaki liwashe moto asubuhi, pamoja na magunzi makavu. Moto utashika bila nailoni.

KAZI YA DARASA

Chimbeni shimo la kina cha sentimita 20 mahali penye udongo wenye unyevu, mbali na nyayo za ng'ombe. Mfukie vitu vinne, kila kimoja kwenye upande wake: kipande cha karatasi ya kaki, kipande cha karatasi ya nta, kipande cha jani la mgomba na kipande cha nailoni. Simikeni vijiti vinne ili mjue kipi kiko wapi. Fukueni baada ya miezi 2 ya masika. Mwandike katika daftari kila kitu mlichokiona, kwa tarehe: kipi kimekwisha kabisa, kipi kimebaki nusu, kipi kina mchwa, na kipi bado kinaweza kuoshwa na kutumika. Kile cha nailoni mkitoe, msikirudishe shambani.